Karatasi za rozela kwa mtoto wa miaka 8

Ndugu mzazi, umeuliza ni kazi gani ya mikono itakayomwonyesha mwanao wa miaka 8 sayansi bila kununua vifaa vya maabara. Mimi ningeanza na rozela, ambayo wengine huiita choya. Chemsha wewe mwenyewe konzi moja ya maua makavu katika kikombe 1 cha maji, uyaache yapoe, kisha mtoto achovye vipande vya karatasi nyeupe isiyong'aa na kuvianika kivulini hadi vikauke. Utamu wenyewe uko hapa: tone la ndimu, ambayo ina asidi, huikoleza karatasi wekundu, ilhali tone la maji ya magadi, ambayo ni besi, yaani kinyume cha asidi, huigeuza ikaelekea buluu au kijani iliyofifia. Tafadhali usimtajie jibu mapema, kwa maana kukisia ndiko kunakomfunza. Aandike kwanza anachotarajia, ndipo ajaribu mtindi, siki na maji ya majivu. Magadi na majivu huwasha macho, hivyo msimamie na anawe mikono. Vipande vilivyokauka avibandike daftarini, kila kimoja na jina la kilichodondoshewa.