Vishikio vya mkia: angalia ndani kabla ya kushika keekee

Ndege ndogo ya zamani yenye gurudumu la mkiani huhamishwa kwa mikono. Watu wawili wanainua mkia, wanaigeuza, wanaisukuma hangani. Shida ni pale wanaposhika. Mwenye haraka hudaka bawa dogo la mkiani kwa sababu ndilo lililo karibu, na bawa hilo liliundwa kubeba nguvu ya hewa iliyoenea juu yake lote, si uzito wa mkia kwenye vidole vinne. Nimewahi kufungua mkia hapa Mombasa nikakuta ufa umeanzia kwenye tundu la ribiti (kipini kinachofunga bati na bati), mwembamba kama unywele, na rangi ya juu bado inang'aa. Ndiyo maana nikiambiwa kuna ndege inataka vishikio vya kuinulia, nafurahi.

Nyinyi mnaoanza kazi hangani mtapewa kazi hii mapema, maana inaonekana nyepesi: vishikio viwili, ribiti kadhaa, jioni mmemaliza. Mimi niliipokea hivyo hivyo. Ilikuwa Cessna 140, aina iliyoundwa Marekani kuanzia 1946, mwili wake wa alumini. Nikapima kwa nje, nikatia alama, nikatoboa. Kulia kukakaa sawa. Kushoto, nilipoingiza kioo na tochi, tundu moja lilikuwa limeangukia pembeni mwa fremu, ubavu wa ndani unaoshikilia bati la nje. Kutoka katikati ya tundu hadi mwisho wa bati la fremu zilibaki milimita 4. Ribiti ya inchi 1/8 ina kipenyo cha milimita 3.2, na kanuni inataka angalau vipenyo viwili, yaani milimita 6.4. Mzee aliyenisimamia hakufoka. Akazima tochi, akaniambia, "Hii si kazi ya vishikio tena, mwanangu. Sasa tunatengeneza fremu." Ndege ikalala wiki mbili kwa ajili ya tundu moja.

Kwa hivyo anzeni ndani. Fungueni vifuniko vya ukaguzi, mjue kila fremu imepita wapi, ndipo mhamishe alama nje. Aliyekulia karibu na bandari ya Mji wa Kale ameona jahazi likiundwa: msumari hufuata taruma, haupigwi kwenye ubao mtupu. Mkia wa ndege una mataruma yake. Kishikio kikifungwa kwenye bati peke yake, kila mkia unapoinuliwa bati linakunjika kidogo, na bati linalokunjika kila siku lina siku yake ya kupasuka. Kikae juu ya fremu, na kwa ndani kiwe na bati la kuongeza nguvu, ili uzito upokelewe na mifupa.

Mchoro ulioidhinishwa uwe mezani kabla ya haya yote, na fundi mwenye leseni awe tayari kuweka sahihi. "Ndege ya jirani ilifungwa hivi" si idhini mbele ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Kutoboa kwenyewe hakuna mengi. Anzeni na tundu dogo, mmalizie na keekee namba 30, ya ribiti ya inchi 1/8, mshikilie mabati kwa vibanio vya muda, vile vya rangi ya shaba. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, fungueni tena kila kitu. Kati ya bati na bati mtakuta vinyweleo vya alumini. Msipoviondoa na kulainisha kingo za matundu, mabati hayatalala pamoja, na penye mwanya maji yataingia.

Na maji ya kwetu ni ya chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, ukipitisha kidole kwenye bawa asubuhi utaisikia chumvi. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa: rangi inavimba, chini yake unga mweupe. Msitie skrubu ya chuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Pakeni rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, mpige ribiti rangi hiyo ikiwa bado mbichi, na mhakikishe kishikio hakituamishi maji.

Kabla ya kufunga vifuniko, hesabuni vifaa. Ndani ya mkia zinapita kamba za usukani, na kipande cha ribiti kilichosahauliwa kinaweza kuzikwamisha angani. Pia hesabuni uzito upya. Nusu kilo iliyokaa mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha, kwenye ndege ya kilo 450, inakisogeza kitovu hicho nyuma zaidi ya milimita 4. Iandikwe kwenye kitabu cha ndege.

Mwambieni mwenye ndege kwamba vishikio ni vya kuinulia tu. Usiku wa upepo atashawishika kufungia kamba pale, na mvuto wa kamba hautabiriki kama mkono wa mtu. Kamba ina pete yake. Baada ya mwezi rudini mkatazame ribiti zenu. Mkiona mstari wa kijivu unatoka chini ya kichwa cha ribiti, kama moshi uliogandia kwenye rangi, ribiti hiyo inacheza. Msiifute mkaondoka. Ing'oeni.