Damu kuwa chini na kiharusi kwa mtoto mwenye selimundu

Pole dada. Umeuliza kama damu ya mwanao mwenye selimundu (sickle cell) kukaa kwenye 7 (gramu kwa desilita) kila akipimwa inaweza kumletea kiharusi, na ana miaka 6 tu. Ndiyo, inaweza. Watu hudhani kiharusi ni cha wazee wenye presha, lakini si kwa ugonjwa huu.

Damu ikipungua, moyo huisukuma kwa kasi zaidi na mishipa ya ubongo hutanuka ili oksijeni itoshe. Ikishatanuka hivyo muda wote, haibaki akiba. Sasa apate malaria, damu ishuke ghafla hadi 4, ubongo hauna pa kukimbilia. Tena zile seli za damu zenye umbo la mundu huharibu kuta za mishipa mikubwa ya kichwani, njia ikazidi kuwa nyembamba.

Uliza kliniki kuhusu ultrasaundi ya kupima kasi ya damu kichwani. Haiumi, haina sindano. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Utafiti wa Marekani wa 1998 ulionyesha kuwa kuongezewa damu kwa ratiba hushusha hatari hiyo kwa takriban asilimia 90. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, nayo inasaidia sana, ila anywe kama alivyoandikiwa, si siku akiumwa tu (hapa ndipo wengi tunapokosea).

Ukiona kijiko kinamponyoka, mdomo umepinda au anaburuta mguu ghafla, huenda ni kiharusi: mkimbize hospitali, usisubiri kukuche, hata kama anasema haumwi popote.