Poka: nilichelewa kujua kutupa karata

Nimekulia Tanga kwenye wahedi wa sitini, mchezo ambao karata ukishagawiwa ni yako, nzuri au mbaya utaicheza. Nilipofundishwa poka ya Texas hold'em na wenzangu wa gheto, tukichezea maharage, mazoea hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nikiona ree (ile ya A) tu, hata kama mwenzake ni saba ya ua jingine, naingia. Saa moja haikufika, kikombe changu kikawa kitupu.

Sheria zenyewe nyepesi. Unapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Katika hizo saba unaunda tano bora. Kila hatua unaweka dau, unaongeza au unatupa, yaani unaziacha karata zako na kutoka kwenye mgao huo.

Kutupa ndiyo kazi kubwa. Ree mbili kwa pamoja hukujia wastani wa mara 1 katika kila migao 221, kwa hiyo ukikaa kungoja karata tamu utazeeka. Lakini ukicheza zote utafilisika. Siku hizi natupa zaidi ya nusu kabla hata meza haijafunuliwa. Pia naangalia nimekaa wapi. Zile tatu zikishafunuliwa, mgawaji ndiye anayesema mwisho, ameshaona nani kaogopa na nani kajitutumua. Karata ninazotupa nikiwa wa kwanza kusema, nikiwa mgawaji nazicheza.

Halafu kuna hesabu. Tuseme una kopa mbili, na mezani karata nne zimefunuliwa, mbili ni kopa. Unangoja ya tano, maana karata tano za ua moja ni mkono wenye nguvu. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, yaani kama nafasi 1 kati ya 5. Mezani kuna maharage 60, mwenzako anaongeza 60. Unalipa 60 kufukuzia 120? Tupa, maana kwa kila mara moja utakayopata utakosa kama mara nne, yaani utapoteza 240 kupata 120. Angeongeza 10 tu, ungelipa 10 kufukuzia 70, hapo lipa bila kufikiria mara mbili.

Mkwara, yaani kuongeza dau ukiwa na karata mbovu ili wenzako watupe, watu wanaupenda mno. Mimi naupiga kwa mtu anayejua kutupa tu. Gheto tulikuwa na mmoja hatishiki, lazima aone karata ya mwisho. Huyo nilimsubiri na jozi nzuri, nikamtoza kila hatua.

Tulipohamia kwenye hela nilijiwekea elfu tano, zikiisha nanyanyuka. Siku mbili za mwanzo nilinyanyuka kabla chai haijachemka.