Simu inahesabu hatua, jirani anagonga mlango

Huu ni mwaka wa tatu tangu niambiwe nina presha. Nilikwenda duka la dawa kutafuta kidonge cha kichwa, muuzaji akanishauri nipime kwanza. Mashine ikasoma 162/98. Akaniambia nikae nitulie, akapima tena, haikushuka. Hospitali walinipima kwa siku tofauti kabla ya kunianzishia dawa, na daktari akasisitiza mambo mawili: chumvi na kutembea.

Usiku uleule nikapakua programu ya kuhesabu hatua. Ikanipangia hatua 10,000 kwa siku. Nilijitahidi wiki mbili. Ya tatu mtoto akaugua, hatua zikashuka hadi 2,000, simu ikaniandikia kuwa sijafikia lengo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaifuta. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo 10,000 ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani linahesabu dakika: kwa mtu mzima, 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa haraka kiasi. Nusu saa, mara tano kwa wiki. Hizo niliona nazimudu.

Ila kumudu wiki moja si kumudu mwaka. Kilichonishika mkono ni kikoba chetu hapa Igogo, Mwanza. Siku moja baada ya kuhesabu hisa niliwaeleza wenzangu hali yangu, na kumbe wanne kati yetu tulikuwa tunameza dawa za presha kimyakimya, kila mmoja kwake. Tukafungua kundi la WhatsApp siku hiyohiyo.

Mwanzoni tulikosea. Kila mtu alikuwa anatuma hatua zake na kilo zake, na waliokuwa nyuma wakaanza kunyamaza. Mmoja akajitoa kabisa. Mimi ningekuomba sana: kilo za mtu zibaki kuwa siri yake na daktari wake. Sisi sasa tunaandika neno moja tu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi: "Nimetoka." Tunakutana barabara ya Kenyatta, tunatembea hadi tunapoliona Jiwe la Bismarck kule ziwani, tunageuza. Aliyeishiwa bando hana hasara, tutamwona kwa macho.

Ukikaa siku mbili bila kuandika, hatukutumii ujumbe. Mtu anakuja kugonga mlango. Mwaka jana mwenzetu mmoja alinyamaza, tukapanda kwake, tukamkuta ameketi kizingitini na sufuria la uji limepoa pembeni. Mama yake alikuwa amelazwa, yeye analala hospitali kwa zamu, na dawa zake mwenyewe zilikuwa zimeisha siku nne nyuma. Hakuwa amemwambia mtu. Mmoja wetu alikwenda naye kuchukua dawa, mwingine akashika zamu ya hospitali usiku ule. Kutembea alirudi baada ya mwezi. Programu yoyote ingemwona mvivu.

Mashine ya kupimia presha tuliinunua kwa kuchanga, kila mtu kidogokidogo kama tunavyochangia msiba. Inazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumapili jioni. Unakaa umeegemea, miguu chini, dakika tano bila kuongea. Mkono uwe usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa nusu saa iliyopita. Unapima mara mbili, unaandika kwenye simu tarehe na namba. Siku ya kliniki daktari wangu anapitia orodha hiyo, na dozi yangu imewahi kubadilishwa kwa sababu ya orodha hiyo. Mimi sikuigusa dawa kwa uamuzi wangu, na wewe usiiguse.

Hapo kuna sheria tuliyoiweka kwa ukali: hakuna kusambaza tiba kwenye kundi. Zilikuwa zinaingia kila wiki, limao hili, majani yale, eti tupa vidonge. Mwenye swali anamuuliza muuguzi.

Chakula sikubadilisha majina, nilibadilisha mkono. Sato nilikuwa namkaanga kila siku. Sasa namchemsha na nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu. Dagaa nawachambua, nawaosha kwa maji ya moto, na chumvi naweka mwishoni, nusu ya ile ya zamani. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo hata ile ya chipsi za njiani. Saa nne, badala ya maandazi na chai ya sukari, nabeba matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Watoto walinuna wiki ya kwanza kisha wakazoea, maana chungu ni kimoja na sipiki vyakula viwili.

Kama uko Nyegezi, Buzuruga au Kirumba na hujui pa kuanzia, tafuta watu watatu mnaofahamiana milango. Kundi la watu 200 halitajua kama hujaamka.

Jumapili hii mashine inapanda nyumba ya juu kabisa, ile ya kupitia kwenye mawe. Tutakaa kwanza dakika zaidi ya tano.