Umeme wa kuandikia ukiwa safarini kando ya ziwa

Dada, umeuliza utawezaje kuandika habari za safari na kutuma picha kila jioni ukiwa na gari la kulala, Mwanza hadi Musoma, bila kukuta asubuhi gari haliwaki. Kosa liko hapo hapo: usichaji kompyuta kwa betri ya kuwashia gari. Funga betri ya pili, ya sola, volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri). Kama ni ya maji, tumia nusu tu, yaani Wh (wati-saa) 600 hivi; ukiikamua zaidi inakufa mapema. Kompyuta ya wati 60 kwa saa 3 inakula Wh 180. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo ina ulaji wake, kwa hiyo afadhali chaja ya volti 12 moja kwa moja. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kifaa: waya ukisuguana na bodi ukachubuka, fyuzi ndiyo inayozuia moto.

Andika bila intaneti, punguza picha hadi pikseli 1600 upande mrefu, kisha zitume ukifika Magu au Bunda. Na taa ya nje zima jioni. Wadudu wa ziwani wakitanda, hata kibodi huioni.