Shangazi, kiti cha nyuma sina breki wala usukani

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52, mzaliwa wa Muheza, naishi Virginia, Marekani, na mume wangu mwaka wa 16 sasa. Mgongo wake hauwezi tena tandiko la baiskeli ya kawaida, basi tukanunua moja ya mtumba yenye matairi matatu na viti viwili vya kuegemea. Yeye anakaa mbele, mimi nyuma, sote tuna pedali. Jumamosi moja ya Aprili tukaanzia Leesburg kwenda Purcellville. Asubuhi tulicheka vizuri. Tulipofika kwenye mwinuko akaanza: "Hivi wewe unakanyaga kweli?" Nikasema nakanyaga. Akasema miguu yangu inazungushwa na cheni tu. Akashuka anywe maji, baiskeli ikaanza kurudi nyuma na mimi ndani yake. Ikaishia kwenye nyasi, sikuumia. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Nikaomba wakati wa kurudi nikae mimi mbele, akanijibu manahodha wawili chombo huenda mrama. Tulirudi kimya, na wiki ya tatu hii hilo dude liko gereji. Isitoshe mawifi wameona picha, wanatuita wenye guta. Nikatae kabisa kupanda tena?*
*Wa Kiti cha Nyuma*

Marahaba mwanangu. Pale pa guta nimecheka, nisamehe. Pale pa kurudi nyuma sikucheka, na nitapafikia.

Njia hiyo naijua. Nilikwenda huko kulea mjukuu, nikakaa miezi minne mji wa Vienna, na kila jua lilipotoka nilikuwa nasukuma kigari cha mtoto kwenye lami hiyo hiyo, nikipita lile behewa jekundu walilolibakiza kwa ukumbusho. Ilikuwa reli ya Washington and Old Dominion. Treni zilikoma 1968, na leo ni kilomita 72 za lami ya wapita kwa miguu na baiskeli. Aprili kuna miti inatoa maua ya rangi ya waridi iliyokolea kabla haijaota jani hata moja, utadhani mtu kayabandika kwa gundi kwenye matawi. Na wenye baiskeli wanakupita wakikupigia kelele "kushoto kwako!" mpaka unasahau kushoto ni wapi.

Mtu akisikia palikuwa reli anadhani ni tambarare tupu. Kumbe ukitoka Leesburg kuelekea magharibi unapanda, polepole, mpaka Clarks Gap penye daraja la mawe. Mwinuko huo hauonekani kwa macho, unausikia mapajani. Hapo ndipo mlipogombana, sivyo? Nilijua tu.

Sasa tuanze na hilo la kukanyaga. Baiskeli nyingi za watu wawili, pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa cheni. Wa mbele akizungusha, miguu ya wa nyuma inazunguka, atake asitake. Kwa hiyo, kama yenu ni ya hivyo, mumeo yuko sahihi kwamba miguu yako ingezunguka hata ukisinzia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hawezi kujua kama umesinzia! Amekupa mgongo, anachoona ni barabara na vidole vyake vya miguu. Ya kwake ilikuwa dhana, na dhana ile aliitoa kwenye uchovu wake mwenyewe. Ukikaa kwa kuegemea huwezi kusimama juu ya pedali ukazikandamiza kwa uzito wa mwili kama tulivyofanya utotoni. Kilichobaki ni gia tu. Weka hapo uzito wa watu wazima wawili na chuma chote kile, mwinuko mdogo unakuwa mlima. Mngepanda polepole hata kama ungekuwa bingwa wa mbio.

Nendeni gereji mjaribu jambo moja. Kaa kitini pako uzungushe pedali kinyumenyume. Za mbele zikizunguka nazo, mmefungwa cheni moja, na maana yake kasi ya miguu anaichagua yeye na magoti yanayolipa ni yako. Ashushe gia kabla ya mwinuko, asisubiri mpaka amekwama katikati. Za mbele zikitulia, basi mna ile ya kila mtu na mwendo wake, na maneno yake ya kuzungushwa na cheni yamekufa hapo hapo.

Haya, breki. Baiskeli hizi hazihitaji mtu kuweka mguu chini zisianguke, ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake. Ya kawaida ukiiachia inaanguka, unajua umeiachia. Hii inasimama vizuri kabisa, inakungoja ugeuke, kisha inaondoka. Ndiyo maana kwa kawaida mkono wa breki una kifungo au kamba ya kuubana usiachie. Wa mbele kabla hajashuka kitini anabana breki kwanza, na mwenzake anaisikia ikibana kabla hajaachia pumzi. Kama yenu kifungo kimekufa, na ya mtumba huenda kimekufa, msitoke nayo hata hadi kwa jirani. Na mfunge miguu kwenye pedali kwa mikanda au viatu vyake maalumu, wewe na yeye, maana mguu ukichomoka mbio ziko kali unaburutwa chini ya baiskeli.

Kucheka kwake kumekuuma kuliko kurudi nyuma kwenyewe. Nimesoma barua yako mara tatu kutafuta mahali ulipomwambia "niliogopa". Sikupaona. Uliomba usukani, akadhani unataka cheo. Marehemu mume wangu alikuwa wa hivyo: niliteleza kisimani na ndoo kichwani, akacheka mbele ya watu, halafu usiku mzima akawa ananishika kiwiko kuona kama kimevimba. Simtetei wako. Nakwambia tu hajui, na wiki tatu za kimya hazijamfundisha kitu. Mwambie akiwa ameshakula, si njiani, wala usianze na orodha ya tangu mlipooana. Sema: "Siku ile nilikuwa narudi nyuma sioni ninakokwenda, sina cha kushika, nawe unacheka." Kisha nyamaza. Mwache ahangaike nalo.

Methali yake ni nzuri, ila ameitumia vibaya. Wenye baiskeli hizi hata kwa Kiingereza chao wa mbele wanamwita nahodha, na wa nyuma wanamwita mchochea moto, kama yule wa meli za makaa. Sawa. Chombo kikiwa na manahodha wawili kwa wakati mmoja kitakwenda mrama, nani kabisha? Lakini baharini kuna zamu. Kwenye baiskeli ya watu wawili ya matairi mawili kuna sababu ya kumweka mbele mwenye nguvu, maana lazima aizuie isianguke na mwenzake juu yake. Hii ya kwenu hakuna wa kuizuia, matairi yanajizuia yenyewe. Kinachotakiwa ni kurekebisha umbali wa pedali na kiti vifuate miguu yako, na urefu wa cheni ikibidi.

Usukani uwe wako kwenye uwanja mtupu kwanza. Na ukiwa mbele kumbuka: miguu yako imetangulia, macho yako nyuma yake. Ukikaribia barabara ya magari, simama mapema, la sivyo vidole vitafika katikati ya lami kabla hujaona gari. Halafu sema kila kitu kwa sauti, "nashusha gia", "shimo", "nafunga breki". Wa nyuma haoni. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, na yeye atalijua kabla hamjamaliza kilomita mbili, hata usipomfundisha.

Kwa hiyo hapana, usikatae kupanda. Kataa kupanda nyuma kabla hajakuonyesha breki inavyofungwa.

Nimebakiza mawifi. Wasimulie habari za Mfaransa Francis Faure, aliyepanda baiskeli ya kuegemea mwaka 1933 akapita kilomita 45 ndani ya saa moja, akavunja rekodi. Mwaka uliofuata chama cha dunia cha mbio za baiskeli kikazipiga marufuku mashindanoni. Fundi aliyeitengeneza, Charles Mochet, alikuwa akiunda pia vigari vya pedali vya viti viwili, watu wanakaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na pedali zake. Wakisharudi kwenye guta, na watarudi, waulize gunia la mkaa wanataka uwaletee siku gani.