Jibu: Dola bilioni 6.6 za TSMC, mbona hazikutoka zote?

Salama mkuu. Umekwama hapa: TSMC Arizona, tawi la kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu za kompyuta, waliahidiwa ruzuku ya hadi dola bilioni 6.6 chini ya CHIPS, sheria ya Marekani ya 2022 ya kuinua utengenezaji wa chipu, mbona hawakukabidhiwa zote siku ya kusaini? Kwanza angalia masharti ya malipo. Fungu hutoka kwa awamu, hatua fulani ya mradi ikishakamilika. Mimi navuta nyaya kwenye majengo hapa Phoenix, nasi hulipwa vivyo hivyo: mkaguzi hajatia sahihi, hundi haitoki.

Mkopo wa hadi dola bilioni 5 walioahidiwa pia ni kitu kingine. Na nafuu ya kodi, asilimia 25 iliyopandishwa hadi 35 kwa mitambo inayoanza kazi kuanzia 2026, usiichanganye humo. Wengi wanakosea hapo.